Kete 64 na faili moja la leseni

Disemba iliyopita nilipanda matatu kutoka Malindi mjini kwenda Kakuyuni nikiwa na fulashi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa bao. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwa lugha ya Python, usiku baada ya kazi, kwa miezi minane, na nilikuwa najiona mtu. Komwe zinazoonekana kwenye skrini zilipigwa picha juu ya bao la babu. Mlio wa kete zinapodondoka shimoni ni wa mkono wake. Nilimrekodi kwa simu chini ya mwembe.

Shangazi ana kompyuta tatu za mitumba katika chumba cha nyuma ya duka. Zote zinatumia Debian, kwa kuwa ni ya bure na mashine zenyewe zimechoka. Nikachomeka fulashi, watoto wamenizunguka, nikabonyeza. Kimya. Mchezo ulikuwa unaitafuta Pygame, na Pygame haikuwemo. Nikawasha bando la simu niipakue. Bando likakata njiani. Watoto wakaenda zao kucheza mpira.

Msimu wa maembe ukifika Kakuyuni utaona kwamba kupanga ngowe kwenye tenga hakupewi kila mtu. Kuna anayejua kipi kikae chini, majani yaingie wapi, na tenga lipi litafika Mombasa bila kuoza. Mwenye shamba ndiye anayesifiwa, lakini mnunuzi anakula kazi ya mpangaji. Mimi nilikuwa nimeleta maembe mkononi.

Watu wa Linux walishapitia aibu hii zamani. Miaka ya mwanzo ulipewa msimbo, ukahangaika nao mwenyewe. Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, akatangaza Debian, ambako baadaye kila programu ikaja kufungashwa na mtu anayejulikana, naye akaandika kifurushi kinahitaji nini ili kifanye kazi. Machi 1999, toleo la 2.1 likaja na apt, ambayo inasoma mahitaji hayo na kuyaleta yenyewe. Ukitaka kufungasha, unaunda folda inayoitwa debian na kuweka faili chache. Moja linaitwa control, la mahitaji. Lingine changelog, la historia ya mabadiliko. Kuna pia programu ya ukaguzi, lintian, inayogomba kama mwalimu wa zamu. Mimi ilinigombeza kwa kukosa ukurasa wa mwongozo. (Tangu enzi za Unix, miongozo ya michezo ina sehemu yake, ya 6. Mtu alifikiria hilo kwa makini.)

Hayo yote niliyamaliza kwa siku mbili. Faili lililonikwamisha linaitwa copyright.

Faili hili linauliza, kwa kila kitu kilichomo ndani: ni cha nani, na amekitoa kwa masharti gani? Kwa michezo swali hilo lina historia yake. Doom ilitoka Disemba 1993. Mwaka 1997 id Software wakaachia msimbo wake, na 1999 wakauweka chini ya leseni ya GPL. Watu wakashangilia. Kumbe mashetani, kuta, bunduki na milio vilibaki mali ya kampuni. Ulikuwa na injini, lakini mchezo wenyewe hukuwa nao. Ndiyo maana kukazuka mradi wa Freedoom: watu wakakaa chini kuchora mashetani mapya, mmoja mmoja, ili yawe huru. Rafu kuu ya Debian haipokei kitu nusu huru. Picha ya komwe inapimwa sawa na msimbo.

Sheria za bao hazina mwenyewe. Mashimo 32, kete 64, unaanza na 22 mkononi wakati wa namua. Nani atadai hayo? Lakini ile picha ni ya bao la babu, na ule mlio ni wa mkono wake. Nikaenda kumwomba ruhusa, nikidhani ni jambo la dakika tano.

“Kwa hiyo mtu yeyote atachukua?” akauliza.

“Yeyote, babu.”

“Na akiuza?”

Nikanyamaza. Leseni ikikataza kuuza, Debian inakiweka kifurushi kando, kwenye rafu ya visivyo huru. Nikamwambia ukweli: anaruhusiwa kuuza.

Babu akaangalia upande wa makaburi, nikajua anakofikiria. Sisi Wagiriama tunajua maana ya kuchukuliwa. Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kakwakwani, huko upande wa Kaloleni, alipigwa picha na mtafiti akiwa na vigango vya ndugu zake waliokufa. Muda si mrefu vikaibwa. Vilikuja kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na ni ile picha iliyothibitisha ni vya nani. Vilirudi kwa familia 2007. Vingine vilikaa huko miaka na miaka. Makumbusho ya Denver yalitangaza 2014 kwamba yatarudisha 30.

“Tofauti yake na hiyo yako ni nini, mjukuu wangu?”

Nilitaka kumwambia kwamba picha ikinakiliwa bao linabaki hapa, lakini niliona hilo ni jibu la mtu wa kompyuta. Nikamweleza leseni niliyokuwa nimeichagua, CC BY-SA. Atakayechukua lazima ataje jina la aliyetoa, na akibadilisha, naye aachie wengine kwa masharti yaleyale.

“Jina litakaa humo humo?”

“Ndani ya kifurushi. Kila kompyuta kitakapowekwa, na jina litawekwa.”

Akafikiri mpaka chai ikapoa. Vigango, akasema, waliokuja kuvinunua hawakuuliza ni nani aliyelala pale. Kisha akakubali.

Nikafungasha upya, toleo 0.1-1, na Pygame nikaibeba kwenye fulashi pamoja na ndugu zake wote. Safari hii mchezo ukafunguka. Watoto wakagombania kiti. Nikamwita babu nimsomee faili la copyright, nikitafsiri mstari kwa mstari, mpaka nikafika penye jina lake.

“Hapo umekosea,” akasema. “Mkono ni wangu, sawa. Bao alichonga baba yangu.”

Toleo lililoko Kakuyuni sasa ni 0.1-2.