Neno “Supanova”

Asili ya neno hili ni Kilatini, nova, yaani “mpya”; nalo lilishika tangu mwanafalaki Tycho Brahe alipoiona, mwaka 1572, nyota asiyopata kuiona kabla, akaiita mpya, kumbe (na hapa ndipo lugha ilipoghafilika) ile ilikuwa nuru ya nyota iliyofikwa na mauti. Kipande cha supa kilitiwa na wanafalaki Baade na Zwicky katika miaka ya 1930. Siku hizi wanafalaki wamekuta nyingine, zing'aazo mara kumi na zaidi kuliko supanova za desturi, ambazo wengi wao huzinasibisha na magneta, yaani kiini kilichosalia, chenye nguvu za sumaku zisizo kifani, kizungukacho mamia ya mara kila sekunde na kuyapasha moto mabaki yaliyotawanyika. Wanazuoni wetu na wazitafutie jina la Kiswahili litajalo mauti, si upya.