Pampu ya Petroli: Kutoka Mteremko hadi Umeme

Leo tuweke programu kando kidogo, wasomaji, tushike spana.

Saa nane mchana, foleni ya barabara ya Namanga ikishika pale Kitengela, si ajabu kuona pikapu ya Peugeot 504 imezimika, boneti juu, dereva akimwagia pampu ya petroli maji. Petroli imechemka ndani ya paipu. Atatokea mtu aseme: weka pampu ya umeme. Sawa, lakini ipi? Hapo ndipo historia inaposaidia.

Mwanzoni hapakuwa na pampu. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na tangi chini ya kiti, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Mafuta yakiwa machache na mlima mkali, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini. Kabureta ilikulia katika mazingira hayo. Sindano inayofunga petroli isizidi ndani yake ilitengenezwa kuzuia msukumo mdogo sana.

Tangi lilipohamia nyuma ya gari, ikabidi petroli ivutwe. Njia mbili zikashindana: pampu ya kiwambo inayosukumwa na kamshafti ya injini, na pampu ya umeme. Wengi hudhani ya umeme ndiyo mpya. Hapana bwana! Kampuni ya SU ya Uingereza ilikuwa ikiuza pampu za umeme miaka ya 1930. Land Rover ya kwanza ya petroli, ya 1948, ilikuwa na pampu ya SU. Ilipokuja Series II mwaka 1958, wakarudi kwenye pampu ya kamshafti.

Kwa nini warudi nyuma? Pampu ya SU ilikuwa na pointi zilizoungua, na dawa ya barabarani ilikuwa kuigonga kwa kiatu hadi ianze tena kulia tik-tik-tik. Ya kamshafti haina waya hata mmoja, tena injini ikizimika nayo inasimama. Sifa hiyo ya mwisho ishikeni, tutairudia.

Peugeot 504, ambazo ziliwahi kuunganishwa Mombasa, nyingi zilitumia pampu ya kamshafti. Ubaya wake ni kwamba imefungwa kwenye injini yenye moto na inavuta petroli kutoka mbali. Ukivuta, shinikizo ndani ya paipu linashuka, na shinikizo likishuka petroli huchemka upesi. Kitengela iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko Mombasa. Gari lile lile lililotulia pwani linaweza kusumbua huku. Pampu ya umeme iliyowekwa karibu na tangi haivuti mbali, inasukuma. (Sisi wa programu tunaujua mjadala huu wa kuvuta na kusukuma.)

Sasa hatari. Magari ya mitumba kutoka Japani yalipojaa nchini, yakaja na injini za EFI. Pampu zake ni rahisi kupata, na kwa macho zinafanana na nyingine. Lakini pampu ya EFI husukuma psi 40 na zaidi, wakati kabureta nyingi zinataka psi 2 hadi 4. Ile sindano iliyozoea mteremko haiwezi kuzuia. Petroli inafurika, inamwagikia manifoldi ya moto, na gari linawaka na watu ndani.

Kwa hiyo ukienda dukani, uliza psi kabla ya bei. Kama muuzaji hajui na haikuandikwa popote, iache. Ifungwe chini karibu na tangi, mbali na ekzosi, na filta itangulie mbele yake. Ile ya zamani itolewe na tundu lake lizibwe kwa bamba na gasketi, kwa sababu kiwambo kilichochoka huvujisha petroli ndani ya oili ya injini.

Na ile sifa ya kusimama? Pampu ya umeme iliyounganishwa na ufunguo tu itaendelea kumwaga petroli hata gari likiwa limepinduka huko Isinya. Mwambie fundi aipitishe kwenye rilei inayoongozwa na swichi ya oili: injini ikizimika, oili inakosa shinikizo na pampu inakata.