Muunganiko wa kiutendaji, na uzito wa wazee

Muunganiko wa kiutendaji ni istilahi ya sayansi ya ubongo inayompotosha msomaji mapema. Ukisikia muunganiko unafikiria kitu kilichofungwa kwenye kingine, kama bomba kwenye tangi. Viungo vya namna hiyo vimo kichwani kweli, navyo ni nyuzi ndefu za seli za neva, lakini vina jina lao: muunganiko wa kimuundo. Katika muunganiko wa kiutendaji kinachotazamwa ni wakati. Maeneo mawili ya ubongo yakichangamka pamoja na kutulia pamoja, husemwa yana muunganiko, hata kama hakuna uzi unaotoka moja kwa moja kwenye moja hadi jingine.

Fasili hiyo ilitiwa nguvu na Karl Friston, mtafiti wa London, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Milwaukee, Marekani, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: mtu akilala kimya ndani ya mashine ya MRI bila kusogeza hata kidole, maeneo yanayoongoza mikono, la kushoto na la kulia, bado hupanda na kushuka pamoja. Mashine yenyewe haizisikii seli. Inatambua tofauti ya kisumaku kati ya damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa, ikipiga picha moja baada ya nyingine kwa dakika kadhaa, kisha kompyuta inalinganisha mawimbi ya kila eneo. Kwa hiyo tunachokiita muunganiko ni uwiano wa mawimbi ya damu.

Mimi ningependelea uendanaji. Bei huendana na msimu, na hakuna anayetafuta kamba iliyozifunga. (Mwandamano nao ungefaa, lau neno hilo halingewaita polisi.) Lakini muunganiko limekwisha kuzoeleka, na kulipinga ni kazi bure, heri tulitumie tukijua limebeba nini.

Kosa la kutojua huonekana pale habari za utafiti zinapoandikwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina, walichapisha katika jarida la NeuroImage kazi iliyowahusu watu wa miaka 65 hadi 79 wenye uzito uliozidi, waliokuwa katika mpango wa miezi 18 wa kubadili ulaji na mwenendo ili wapunguze uzito. Picha za ubongo zilipochambuliwa kwa kompyuta, mpangilio wa muunganiko ulitenganisha waliofanikiwa na wasiofanikiwa kwa usahihi uliopita asilimia 95. Mitandao iliyohusika inajulikana kwa kujidhibiti, kuuhisi mwili, na kupokea ladha na harufu ya chakula.

Hapo mwandishi wa habari atakimbilia kusema kwamba mzee asiyepungua ana nyaya mbovu. Utafiti haukuona waya wowote, wala haukusema uendanaji huo ndio unaomshibisha au kumtia njaa mtu. Ulitabiri tu. Na asilimia kubwa namna hiyo, ikitoka kwa washiriki wachache, inangoja kupimwa kwa watu wengine kabla daktari hajaitegemea.

Kuna neno la pili la kuchunga, nalo ni letu wenyewe. Kiswahili kinatofautisha kupunguza uzito na kupungua uzito, na kwa wazee tofauti hiyo ni ya kitabibu. Washiriki wa North Carolina walipunguza, kwa hiari na kwa mpango. Mzee anayepungua bila kukusudia, asilimia 5 ya uzito wake au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, anahitaji uchunguzi: huenda ni kisukari, kifua kikuu, saratani, sonona, au dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau. Bibi akisema "siku hizi nguo zinanipwaya," kumpongeza si jibu.

Hata kupunguza kwa makusudi kuna gharama, kwa sababu mizani haitofautishi mafuta na misuli. Utafiti mwingine wa chuo hicho, wa 2017, ulikuta kwamba wazee waliopunguza uzito huku wakifanya mazoezi ya kuvuta na kunyanyua vizito walipoteza misuli kidogo kuliko wenzao waliokuwa wakitembea.