Katuni Mbili kwa Tiketi Moja

Tarehe 16 Aprili, 1988, kumbi za sinema nchini Japani zilionyesha filamu mbili za katuni kwa tiketi moja. Zote mbili zilitoka katika nyumba moja, Studio Ghibli, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Moja iliongozwa na Hayao Miyazaki. Humo dada wawili wanahamia shamba pamoja na baba yao, na huko msituni wanakutana na dubwana kubwa lenye manyoya, la upole, linalopenda sana kulala. Nyingine iliongozwa na Isao Takahata. Humo kijana wa miaka kumi na minne na mdogo wake wa kike wa miaka minne wanafiwa na mama yao kwa mabomu, wanahangaika kiangazi kizima, kisha wanakufa kwa njaa, kwanza mdogo, halafu kaka. Kwa Kiswahili twaweza kuziita Jirani Yangu Totoro na Kaburi la Vimulimuli. Mzazi aliyempeleka mwanawe siku ile alizipata zote mbili kwa kikao kimoja.

Ndugu na majirani wenye watoto huniomba mara kwa mara niwachagulie katuni nzuri, na katika ombi hilo neno "katuni" huchukuliwa kuwa limekwisha kutaja umri wa mtazamaji. Ajabu ni kwamba kwenye magazeti hatuna mazoea hayo. Katuni ya gazetini humchora waziri na kitambi chake, mlaji rushwa na bahasha yake, na hakuna mtu anayechana ukurasa ule akampa mtoto wa chekechea eti kwa sababu umechorwa. Lakini michoro ikianza kutembea na kusema, tunaiwasha sebuleni, tunamketisha mtoto mbele yake, nasi tunakwenda zetu jikoni. Kwa hiyo kila ninapoombwa ushauri huo, akili yangu hurudi kwenye tiketi ile ya 1988.

Historia ya katuni haikuanza na watoto. Émile Cohl alipoonyesha Fantasmagorie mjini Paris mwaka 1908, kifilamu kisichofika dakika mbili cha mistari inayojigeuza kila namna, waliolipa kiingilio walikuwa watu wazima. Mwaka 1918 Mmarekani Winsor McCay alitoa filamu ya michoro kuhusu meli ya Lusitania, iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915 ikafa na watu karibu 1,200. Mwisho wake twamwona mama akizama, amemwinua mtoto mchanga juu ya maji. Mjerumani Lotte Reiniger alikaa miaka mitatu akikata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi, na mwaka 1926 akatoa kisa cha Mwanamfalme Achmed, kilichotokana na Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo watu wa pwani yetu hawana haja ya kutambulishwa. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Hata Snow White ya Walt Disney, ya 1937, ilipofika Uingereza wakaguzi waliamua kwamba mtoto asiingie bila mtu mzima wa kumsindikiza, kwa sababu ya yule mchawi.

Televisheni ndiyo iliyogeuza mambo. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa wakitengeneza Tom and Jerry tangu 1940 ili ionyeshwe sinemani kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wa kila umri. Studio yao ilipofungwa mwaka 1957 walihamia kwenye televisheni. The Flintstones, iliyoanza mwaka 1960, bado ilionyeshwa usiku kwa familia nzima, na mmoja wa wadhamini wake alikuwa kampuni ya sigara. Haikupita miaka kumi, katuni za Marekani zikahamishiwa Jumamosi asubuhi, baina ya matangazo ya vyakula vya watoto na vitu vya kuchezea. Kwetu televisheni ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Tanzania Bara mwaka 1994. Basi tulizipokea katuni zikiwa zimekwisha kubandikwa anwani ya mtoto, wala hatukuwahi kuuliza nani aliyeibandika.

Japani ilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilipita katikati ya vita. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Kijapani ilitoka Aprili 1945. Iligharimiwa na Jeshi la Majini, na ilionyesha wanyama wadogo wa kupendeza, waliovaa sare, wakienda vitani kwa nyimbo na furaha. Iliwakusudia watoto. Wakati huo watoto wengi wa mijini walikuwa wamekwisha hamishwa kwa sababu ya mabomu, na mji wa Kobe ulikuwa umechomwa mwezi mmoja kabla. Nimeona wazazi wanaoamini kwamba katuni yenye wanyama haiwezi kuwa na ubaya. Ningependa waitazame hiyo.

Miezi mitatu baada ya filamu hiyo kutoka, watu ambao baadaye wangetengeneza tiketi ya 1988 walikuwa wamepitia moto. Tarehe 5 Juni, 1945, Kobe ilipigwa tena, na kijana aitwaye Akiyuki Nosaka alipoteza nyumba. Alibaki na mdogo wake wa kulelewa, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, naye akafa kwa utapiamlo mwaka huohuo. Nosaka aliandika hadithi fupi juu ya jambo hilo mwaka 1967, ikapewa tuzo ya Naoki. Alisema waziwazi kwamba yeye hakuwa mwema kama kaka wa hadithini. Njaa ilimfanya ale chakula cha mtoto. Tarehe 29 Juni mabomu yaliangukia Okayama, na Takahata, mwenye umri wa miaka tisa, alikimbia usiku pamoja na dada yake, wakapotezana na wazazi. Mwezi Julai ilikuwa zamu ya Utsunomiya. Miyazaki alikuwa na miaka minne. Ukoo wake ulikuwa na kiwanda cha vipuri vya ndege, kwa hiyo walikuwa na gari la kukimbilia. Amesimulia kwamba mtu mmoja mwenye mtoto mkononi aliwaomba wampakie, na gari likaondoka. Amesema pia kwamba baadaye alitamani angekuwapo mtoto ndani ya gari lile wa kuwaambia wakubwa wasimame, na kwamba tamaa hiyo imo katika filamu anazotengeneza.

Ukiyajua hayo, zile filamu mbili hazionekani tena kama chai na shubiri zilizouzwa kwa pamoja kwa bahati mbaya. Zote zinasimulia watoto wawili wa tumbo moja ambao mama hayupo. Katika Totoro mama amelazwa hospitali (mama yake Miyazaki mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi), na hofu kwamba huenda atakufa imo ndani ya filamu ile tangu mwanzo, ingawa watu huikumbuka kama filamu ya furaha tupu. Simu ya maandishi inafika kutoka hospitali. Mei, yule mdogo, anachukua bunzi la mhindi ampelekee mama yake, anapotea njia. Hapo ndipo ninapowaomba wazazi watazame vizuri. Kabla dubwana halijafanya lolote, kijiji kizima kimekwisha toka. Wanaume wanapekua bwawa kwa miti mirefu, kwa sababu pameonekana kandambili ya mtoto. Bibi jirani ameishika kandambili ile huku anaomba, hawezi hata kusimama. Mtoto anayetazama haelewi yote, lakini anaelewa kwamba wakubwa wamekuja.

Katika Kaburi la Vimulimuli wakubwa nao wapo. Watu husahau hilo, wakasema watoto wale waliuawa na vita. Yupo mwanamke wa ukoo wao anayewapokea, kisha, chakula kinapopungua, anaanza kuhesabu. Anauza kimono za marehemu ili zipatikane mchele, wali anawapakulia wanaofanya kazi, na watoto wa marehemu wanapewa mchuzi. Yupo daktari anayempima mtoto na kusema anahitaji lishe, basi, mwingine aingie. Yupo mkulima anayempiga kijana kwa kuiba. Hakuna hata mmoja kati yao aliye jini au zimwi. Yule mwanamke hasemi neno ambalo hatujalisikia katika nyumba zetu wenyewe mwezi ulipokuwa mgumu na wageni wamezidi siku. Na kijana mwenyewe ana kiburi chake: anamchukua mdogo wake wakakae pangoni badala ya kuinamisha kichwa. Takahata alikataa mara nyingi filamu yake iitwe filamu ya kupinga vita tu, nami naona alikuwa na haki.

Kutokana na hizo mbili nimejiwekea kipimo, na mpaka leo sijapata kilicho bora. Siulizi kama pana damu, wala kama pana wanyama wanaosema. Nauliza: mtoto wa hadithi akipatwa na shida, nani anakuja? Mtoto mdogo anayetazama anajiuliza swali hilo hilo, kwa sababu yeye ndiye yule aliye ndani ya shida. Katuni ambayo mtu anakuja, hata kama ni kwa kuchelewa, hata kama mama anaumwa kweli, mtoto aweza kuibeba. Katuni ambayo hakuna anayekuja inamtazama yule ambaye angepaswa kwenda, naye ni mtu mzima. Hiyo ni yetu, na tusimwachie mtoto aibebe.

Kipimo hiki kingewasaidia hata wakaguzi. Mwaka 1978 Waingereza walitoa Watership Down, filamu ya katuni kuhusu kundi la sungura wanaotafuta makao mapya, nayo ikapewa daraja la kutazamwa na watoto wote. Sungura wale hufukiwa wakiwa hai, hunaswa mitegoni, hutafunana shingo. Ilipelekwa tena mbele ya wakaguzi mwaka 2022 ndipo ikaongezewa onyo kwa wazazi, miaka 44 baada ya kizazi kizima kupoteza usingizi. Nawaza mzazi wa Kiswahili akiona sungura kwenye jalada: kwetu Sungura ni yule mjanja anayemshinda Fisi na kuondoka na nyama. Angeinunua bila kuifungua.

Kwa wanaotaka mfululizo wa kutazamwa jioni baada ya jioni, jibu langu la kwanza ni Heidi ya Kijapani ya mwaka 1974, vipindi 52, iliyoongozwa na Takahata huyo huyo, na Miyazaki akiwa miongoni mwa wachoraji wake. Ilitafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwamo. Ni hadithi ya yatima ambaye ndugu wa mama yake amechoka kumlea, anamwacha mlimani kwa babu mkali asiyetaka watu. Ni mwanzo ule ule wa vimulimuli, ila babu anamgawia mkate na jibini, anamtengenezea kiti. Baada yake fuateni na Marco, ya 1976, vipindi 52 pia, ya mtoto wa Genoa anayevuka bahari kumtafuta mama yake aliyekwenda Argentina kufanya kazi za nyumbani. Hiyo inachosha kidogo katikati, nisiwafiche. Lakini kwa nyumba ambayo mama au baba amekwenda kutafuta riziki Ghuba au Ulaya, sijui katuni nyingine inayosema jambo hilo kwa adabu kiasi hicho.

Kirikou, ya mwaka 1998, ni ya Mfaransa Michel Ocelot aliyekulia kwa muda nchini Guinea. Muziki ni wa Youssou N'Dour. Yafaa kuanzia miaka mitano. Watoto wa filamu ile ni uchi na wanawake wako vifua wazi, jambo lililowasumbua wasambazaji wa Uingereza na Marekani kuliko lilivyomsumbua mtoto yeyote. Kirikou anawauliza wakubwa kwa nini mchawi ni mbaya, hakuna anayejua, wamezoea tu kumwogopa. Anayejua ni babu yake, aliye ndani ya mlima: mchawi ana mwiba mgongoni, na unamuuma.

Nimeulizwa kama watoto waliofiwa wafichwe filamu za kufiwa. Sidhani. Mtoto aliyezika anajua habari hiyo kuliko sisi, na Totoro humfaa zaidi kuliko katuni za kuchekesha ambamo hakuna anayeumwa. Ila akae na mtu. Vimulimuli wasubiri mpaka afike umri wa yule kaka, miaka kumi na minne au zaidi, na hata hapo asitazame peke yake kwenye simu. Tangu 2024 filamu ile imo Netflix katika nchi nyingi, na mtoto huifikia kwa kidole kimoja, jalada lake likiwa na watoto wawili na vimulimuli vinavyong'aa.

Wakubwa waitazame Ijumaa usiku watoto wakishalala. Wasitafute cha kusema mara inapomalizika. Kesho yake asubuhi wawashe Totoro, wakae chini pamoja na watoto tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni dakika 86, na jikoni patangoja.