Mapipa ya Mto Douro

Neno pipa, ambalo kila mtu wa pwani hulitumia kwa chombo cha kuwekea maji au mafuta, tulilipokea kwa Wareno, kama tulivyopokea meza na mvinyo. Lakini huko kwao, katika nchi ya mto Douro, pipa ni kipimo pia: lita 550. Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwapeleka mpaka ghalani ambamo mapipa hayo hulala, na kuwaeleza jinsi divai iliyomo ilivyopata kuwaponza watu.

Mji wa Porto u kaskazini ya Ureno, karibu na mahali mto uingiapo baharini. Tulivuka mto kwa daraja la chuma la Dom Luís I, lililofunguliwa mwaka wa 1886, tukafika Vila Nova de Gaia, tukaingia katika ghala moja la zamani. Ndani mlikuwa na giza na ubaridi, na mapipa yamepangwa safu juu ya safu. Mwenyeji wetu alieleza ya kuwa mashamba yako mbali, bara, ambako jua la kiangazi ni kali mno. Bali Gaia hupata hewa ya bahari, na divai hukomaa polepole. Hata hivyo kila mwaka kiasi fulani hupotea kwa kupenya mbao na kugeuka mvuke. Hiyo huitwa sehemu ya malaika, nao malaika wa Gaia, twaona, hawajapata kulala njaa.

Huko bara mizabibu hupandwa juu ya ngazi za mawe zilizojengwa kwa mikono katika miteremko ya vilima. Wakati wa mavuno zabibu humwagwa katika birika pana la mawe liitwalo lagar, watu wakasimama bega kwa bega wakazikanyaga kwa miguu mitupu saa nyingi. Maji yake huanza kuchacha. Baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa imepungua kama nusu, hutiwa kileo kikali kilichotokana na zabibu: lita 115 hivi kwa lita 435, ndiyo pipa moja kamili. Hapo kuchacha hukoma, na utamu uliosalia hukaa. Siku hizi mahali pengi mashine hufanya kazi hiyo, lakini ziko nyumba zinazokanyaga bado.

Mwaka wa 1703 Uingereza na Ureno zilifanya mkataba wa kupunguza ushuru wa divai ya Kireno. Biashara ikastawi, na tamaa ikastawi nayo. Wako waliotia divai hafifu rangi kwa tunda dogo jeusi la mti uitwao sabugueiro. Wanunuzi wakalalamika, bei ikaanguka, wakulima wakabaki na mapipa yasiyouzika. Ndipo mwaka wa 1756 waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, alipounda Kampuni ya kusimamia divai hiyo. Mipaka ya nchi ya divai bora ikawekwa kwa mawe yaliyochongwa, zaidi ya 300, na miti ile ya sabugueiro ikaamriwa ing'olewe.

Katika mawe yale hatuoni kosa. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokunywa. Lakini Kampuni hiyo hiyo ilipewa haki ya peke yake kuuzia vilabu vya Porto divai. Wenye vilabu, wengi wao maskini, wakaona riziki yao inachukuliwa. Mwezi wa Februari 1757 umati ulijaa barabarani, ukidai Kampuni ivunjwe. Askari wakaletwa, wakalishwa kwa gharama ya wenyeji. Watu wakahukumiwa, na baadhi yao wakanyongwa. Jina jema la divai liliokolewa, na walioilipia si wale walioichafua.

Mto nao ulidai watu wake. Mapipa yaliteremshwa kwa mashua bapa ziitwazo rabelo, zenye kasia refu la kuongozea huko nyuma, kupitia mikondo mikali. Mwaka wa 1861 Mwingereza Joseph James Forrester, aliyeuchora mto huo katika ramani, alizama katika mkondo wa Valeira. Baadaye reli, kisha malori, vikaichukua kazi hiyo, na mabwawa yaliyojengwa katika karne ya 20 yameutuliza mto. Rabelo zilizofungwa mbele ya maghala ya Gaia ni za kutazamwa.

Mwishoni tuliletewa glasi mbili: moja divai changa, nyekundu sana, ya pili imekaa pipani miaka 20, na rangi yake imekuwa kama chai isiyo na maziwa. Mwenzetu mmoja, asiyetumia kileo, aliomba kunusa tu. Alisema ya kwanza yanuka matunda, na ya pili lozi na maganda ya chungwa. Mwenyeji akacheka, akasema hajapata mnusaji aliye hodari kama huyo tangu asubuhi, kisha akamletea maji.