Maji ya Kijivu au Maji ya Kuoshea?

Msafiri anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa mji, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hukatika ukabaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana kwenye tope lililosalia. Watalii wanaokuja na matela ya kulala hupiga kambi maeneo hayo hayo. Fundi bomba anayeitwa kurekebisha tela la namna hiyo ana swali moja la kujibu kabla hajashika msumeno: maji yakishaoshea vyombo, yaende wapi?

Kiingereza kimeyapa maji hayo rangi. Yanayotoka kwenye sinki na bafu ni ya kijivu, yanayotoka chooni ni meusi. Wafaransa na Wajerumani nao wanayaita ya kijivu, na watafsiri wa Kiswahili wakafuata: "maji ya kijivu". Istilahi hiyo ina kazi yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu kutumia majitaka kwenye kilimo, liliyashughulikia maji haya katika juzuu ya nne. Vijidudu vya kinyesi ndani yake huwa vichache sana kuliko vya maji ya choo. Hayanyweki, lakini hayastahili kuchanganywa na ya choo.

Tatizo ni hicho kijivu chenyewe. Mpishi aliyezoea kusugulia sufuria majivu, akiambiwa "maji ya kijivu", ana haki ya kuwaza maji yenye jivu. Ukikimbilia "majitaka", neno ambalo Wizara ya Maji imelizoesha sambamba na "majisafi", unakuta limebeba yote mawili, ya sinki na ya choo. Kwa nyumba ambayo kila kitu huishia kwenye karo moja, hilo halina madhara.

Kwa tela lina madhara.

Mfumo wa maji wa tela huanzia kwenye tangi la maji safi, mara nyingi la lita 60 hadi 100, lililofungwa chini ya sakafu. Pampu ndogo ya volti 12 huvuta maji na kuyasukuma kwenye koki. Haihitaji mtu wa kuiwasha kila mara: koki ikifunguliwa presha hushuka na pampu inanguruma, ikifungwa, presha hupanda na pampu inanyamaza. Ikiendelea kunguruma wakati koki zote zimefungwa, mara nyingi ama tangi limekauka, ama kuna mahali panavuja. Mpaka hapo mafundi wengi hawapotei. Wanapopotea ni upande wa kutoa maji, kwa kuwa matela mengi mepesi huja na mpira mmoja tu unaomwaga maji ya sinki chini.

Marekebisho yenyewe si makubwa. Hufungwa tangi la pili, na bomba la kutoka kwenye sinki huteremka sentimita mbili kwa kila mita. Chini ya sinki huwekwa kona ya kushika maji ili harufu isipande, na tangi hupewa bomba la hewa linalotokea juu. Bila hilo, maji hugugumia na kushuka kwa shida. Ujazo wa tangi hili la pili ukaribie ule wa tangi la maji safi. Likijaa, maji hayatoi taarifa: hurudi na kutokeza kwenye tundu lililo chini kuliko yote, yaani sakafu ya bafu.

Kuna jambo la uzito pia. Lita moja ni kilo moja. Tangi la mbele likiwa na lita 80 asubuhi, na jioni lita hizo zikawa zimehamia tangi la nyuma ya ekseli, shingo ya tela hupungua uzito na tela huanza kuyumba. Kwa hiyo matangi yote mawili huwekwa karibu na ekseli iwezekanavyo.

Kwenye kazi kama hii, jina linalotaja chanzo humfaa fundi kuliko linalotaja rangi. "Maji ya kuoshea" yanasema yametoka sinki na bafu. "Maji ya choo" hayahitaji maelezo. "Maji ya kijivu" yabaki kwenye tafsiri za miongozo, na yafafanuliwe mara ya kwanza yanapotajwa. Kwenye tela, koki tatu ziandikwe kwa rangi isiyofutika: KUNYWA, KUOSHEA, CHOO. Ya pili isifunguliwe kandokando ya Katuma, maana sabuni na mafuta havina pa kwenda dimbwi likishakatika na mto. Na maji yake yasisubiri siku nyingi: baada ya saa 24 hivi, kwa joto la Katavi, maji hayo huanza kunuka. Kambi ikivunjwa, yamwagwe kwenye karo.