Mwokoaji Aliye Mfiwa: Kiwewe na Kazi ya Uokoaji katika Mwambao wa Kazimia

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba katika teritware ya Fizi, mashariki ya Kongo, ulivunja kingo zake. Mvua kubwa ilikuwa imeanza Alhamisi. Maji yakateremka na mawe, miti mizima na matope, yakazizoa nyumba zilizokuwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika huku wenyewe wakiwa usingizini. Hesabu ya kwanza ilikuwa maiti zaidi ya 60. Siku hazikupita nyingi, ikavuka 100, wengi wao watoto na wazee. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa, wala mtandao wa simu haufiki huko. Waziri wa afya wa jimbo la Kivu Kusini alipoulizwa na waandishi wa habari, alieleza kwamba waliokuwapo ni machifu wa sekta, wa vijiji na wa vitongoji, na kwamba kwa upande wa mashirika alikuwapo Msalaba Mwekundu peke yake.

Wengi waliyapokea maelezo hayo kama kilio cha upungufu: dola haipo, misaada haijafika. Ni kweli. Lakini pia yanatutajia waokoaji ni akina nani. Katika mwambao huu, kuanzia Baraka hadi Kazimia na vijiji vya jirani, hakuna kikosi cha zimamoto kinachopigiwa simu, wala ambulensi inayokuja ikipiga king'ora. Anayefika kwanza ni mvuvi mwenye boti, muuguzi wa kituo cha afya, mjumbe wa Msalaba Mwekundu ambaye siku nyingine ni mwalimu au mkulima wa mihogo, chifu, na akina mama wa kanisa wanaobeba maji na vitenge vya kufunikia. Huyo anayemtoa maiti kwenye matope huenda anamtoa mtoto wa dada yake.

Hapo ndipo maandishi mengi kuhusu afya ya akili ya waokoaji yanapotuacha njiani. Yameandikwa yakimwazia mtu anayeitwa kazini, anayekwenda, anayeona yasiyofaa kuonwa, kisha akarudi kwake, kwenye nyumba ambayo haikusombwa. Ujuzi wote wa kumsaidia umesimama juu ya safari hiyo ya kurudi. Mwokoaji wa Kasaba hana pa kurudi, amekwisha fika. Yeye ni mfiwa kabla ya kuwa mhudumu, na nitajaribu kuonyesha kwamba kusahau jambo hilo kumetufanya tumpe msaada usiomfaa na kumnyima ule anaouhitaji.

Tuanze na ule usiomfaa. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell wa Marekani, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na ya huduma za dharura, alipendekeza utaratibu wa kuwakusanya waokoaji muda mfupi baada ya tukio, kila mmoja aeleze alichokiona, alichokiwaza na alichokihisi. Utaratibu huo ulienea duniani kwa kasi ya ajabu, kwa sababu ni rahisi kuuandika katika ripoti: kikao kimoja, orodha ya mahudhurio, picha, kwisha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2002 hayakuona ushahidi kwamba kikao cha mara moja kinazuia maradhi yanayofuata kiwewe. Katika baadhi ya tafiti waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na shirika hilo pamoja na wenzake mwaka 2011 unasisitiza kinyume chake: asilazimishwe mtu kusimulia, asikilizwe akitaka, apewe maji, blanketi, habari za watu wake, na mahali salama. Hata hivyo kikao cha mara moja hakijafa. Atakayefika kwa boti asubuhi na kuondoka jioni hana kingine cha kutoa.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba watu wa Fizi hawahitaji lolote, kwa kuwa wamezoea. Hoja hii hutolewa na wageni, lakini mara nyingi zaidi hutolewa na wenyeji kwa fahari. Na historia inaipa nguvu. Milima hii ilikuwa ngome ya waasi wa 1964 na 1965, wakati Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma. Ikawa maficho ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila tangu 1967. Ikapitiwa na vita vya 1996 na 1998, na mauaji ya Makobola yaliyofunga mwaka 1998 na kufungua 1999. Familia nzima nzima zilikaa miaka katika kambi za Nyarugusu na Lugufu nchini Tanzania, na kuanzia 2005 zikarudishwa kwa meli hadi Baraka. Ni kweli kwamba watu hawa wamevumilia mengi. Lakini aliyezoea kuokota maiti amejifunza namna ya kuifanya kazi hiyo bila mikono kutetemeka, na hayo hayatuambii chochote juu ya usiku wake. Muuguzi aliyeanza kunywa kila jioni, mjumbe anayemfokea mkewe kwa jambo dogo, kijana asiyetaka tena kuingia ziwani: hakuna kati yao atakayekuja kituoni kusema ana kiwewe. Atasema kichwa kinamuuma, moyo unakwenda mbio, au ana mawazo mengi. Ataandikiwa parasetamoli.

Nitazame kwa karibu kazi moja tu, ile ya maiti, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kidogo na kuacha alama kubwa. Mwaka 2006 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika ya afya yalitoa kitabu cha mwongozo kwa wanaofika kwanza kwenye maafa, kuhusu namna ya kuwahudumia waliokufa. Kila maiti hupewa namba yake pekee. Hupigwa picha za uso, nguo na alama za mwilini. Vitu vyake huwekwa kwenye mfuko wenye namba ileile, na kaburi nalo hutiwa alama. Mwongozo huo unasema jambo ambalo laiti lingejulikana na kila chifu: maiti za maafa ya asili, kwa kawaida, hazileti magonjwa ya mlipuko. Watu hao wamekufa kwa maji na mawe, hawakufa kwa maradhi. Kipindupindu ni kisa kingine, na mwambao huu unakijua vizuri. Aliyekufa kwa ugonjwa huo ana taratibu zake. Lakini mara nyingi hofu hizo mbili huchanganywa, na watu huzikwa harakaharaka katika shimo moja, bila namba wala jina, kwa amri ya mtu mwenye nia njema.

Haraka hiyo humlipisha mwokoaji maradufu. Kwanza, jamaa waliokuwa safarini Kalemie au Kigoma hurudi na kumuuliza yeye, kwa kuwa ndiye aliyeshika: mama yetu alikuwa amevaa nini, mmemlaza wapi? Hana jibu, na swali hilo litarudi kila mwezi maana wanaishi kijiji kimoja. Pili, yeye mwenyewe hakulia. Katika desturi za Wabembe na majirani zao, kama ilivyo kwa Waafrika wengi, kilio kina siku zake, watu wake, chakula chake na namna yake ya kufungwa. Mjumbe aliyevaa glavu alikuwa kazini siku zote za kilio, na alipozivua, kilio kilikuwa kimekwisha. Ukiniuliza ni hatua gani ya kwanza ya afya ya akili kwa waokoaji wa Kazimia, sitakutajia mwanasaikolojia. Nitasema kalamu isiyofutika kwa maji, vibandiko vya namba, na ruhusa ya mjumbe aliyefiwa kuondolewa kwenye zamu ya maiti ili akakae na wenzake.

Si maiti peke yake. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake kwa makumi katika mji wa Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi inayotembea iliketi Baraka na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kesi hiyo imeandikwa sana, na inastahili. Wanaosahaulika ni wale waliowapokea wanawake hao kabla ya mahakama: wauguzi, washauri, wakalimani. Fikiria kazi ya mkalimani. Kwa kanuni ya kazi hiyo hasemi kwamba mama huyu anadai amefanyiwa jambo fulani. Husema “mimi.” Husema “walinishika, wakanilaza,” mara moja, mara ya pili, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya daktari mgeni, na mwanamke wa pili wa asubuhi ile bado yuko nje akingoja. Jioni anarudi nyumbani, na jirani yake ni mmoja wa wale aliowasemea. Hawezi kusimulia, maana siri si yake. Mwongozo wa pamoja wa mashirika ya misaada wa 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura una sehemu nzima juu ya wafanyakazi na wanaojitolea wenyewe, lakini mkalimani wa kibarua cha wiki mbili, akiondoka na malipo yake, hayumo tena katika daftari la mtu yeyote.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo wataalamu wa saikolojia hupenda kuwaachia wachumi: fedha. Wauguzi wengi wa Kongo hawana mshahara wa serikali. Huishi kwa ada za wagonjwa na posho zinazokuja na kukatika. Siku ya maafa wagonjwa hawalipi, kwa haki kabisa, na kwa hiyo siku anayofanya kazi zaidi ndiyo siku anayopata kidogo zaidi. Mvuvi aliyetoa boti na mafuta kusafirisha majeruhi hulipwa kwa ahadi. Kisha hufika shirika lenye magari, na mgeni anayelala hotelini Baraka hupokea posho ya siku inayozidi mapato ya mwezi ya aliyetangulia kuingia matopeni. Kinyongo kinachozaliwa hapo si kasoro ya tabia. Anayeona kuwa jasho lake limethaminiwa hubeba vizuri zaidi aliyoyaona kuliko anayeona kuwa ametumiwa. Kwa hiyo kumrudishia mvuvi mafuta yake ndani ya juma moja ni tiba, na sioni haya kuiita hivyo.

Simaanishi kwamba tiba ya maneno haina nafasi. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa mashariki ya Kongo, ikiwemo Kivu Kusini, katika vijiji 15, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Wasaidizi wa kijamii wa hukohuko, waliosoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, walifundishwa kuendesha tiba ya kuchakata fikra kwa vikundi, vikao 12: kimoja cha mtu mmoja mmoja na 11 vya kikundi. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi hivyo walikuwa bado na dalili zinazoashiria sonona au wasiwasi. Kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja pekee ilikuwa asilimia 42. Wanawake hao hawakuwa waokoaji, na si halali kuhamisha takwimu hizo kama zilivyo. Lakini utafiti huo uliondoa kisingizio cha kwamba lazima tumngoje daktari wa magonjwa ya akili kutoka mbali. Unatuonyesha pia namna tiba hiyo ilivyoendeshwa: vikao vingi badala ya kimoja, watu walewale kila juma, na msimamizi anayepitia kazi ya msaidizi.

Kikundi kina hatari zake Kazimia. Lubunga, baraza la wanaume wa Kibembe, lina heshima ya kusuluhisha, lakini mwanamume hawezi kukiri mbele ya wazee wake kwamba anaogopa giza. Kanisa hufungua milango, ila wako wachungaji wanaoyaita majinamizi mapepo na kumfungisha mtu siku tatu bila chakula. Sipendekezi kuvikwepa vyombo hivi. Hakuna vingine vyenye umri mrefu kuliko mradi. Napendekeza kikundi cha waokoaji kiwe chao, kikutane mahali pao pa kazi, chini ya mmoja wao aliyefundishwa, na wachungaji na wazee wafundishwe dalili chache za kumpeleka mtu mbele: asiyelala wiki nzima, anayesema afadhali afe, anayesikia sauti.

Wampeleke wapi, sasa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Bukavu, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Sosame au hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, kati ya mgonjwa wa Fizi na vituo hivyo umepita mstari wa vita. Kasaba ilisombwa miezi mitatu baadaye.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa ofisi za zoni za afya za Fizi na kwa kamati za Msalaba Mwekundu za Baraka na Kazimia, na halihitaji kungoja amani. Kabla mvua hazijaanza tena, kila kituo cha mwambao kiwe na daftari la waokoaji lenye majina ya wote, wavuvi na wakalimani wakiwemo. Zamu ya maiti isizidi siku mbili mfululizo, na aliyefiwa aondolewe. Fedha ya mafuta iwe imetengwa mapema mikononi mwa mtu anayejulikana. Na muuguzi mmoja wa kila eneo la afya afundishwe kuwafuatilia walioandikwa humo kwa miezi sita baada ya kila tukio. Wafadhili wanaotuma wanasaikolojia kwa boti ya asubuhi wawaulize kwanza waokoaji wenyewe kama daftari hilo lipo. Kama halipo, fedha ya kikao ianze na daftari.